Komeo Lililojificha Ndani ya Kitenzi

Katika kamusi nyingi ndogo zinazotumiwa shuleni, "shut" hufasiriwa kuwa ni "funga", na "close" nayo hufasiriwa kuwa ni "funga", mambo yakaishia hapo. Mwanafunzi anatoka na imani kwamba Waingereza wamejirundikia maneno mawili kwa kazi moja, na kwamba kuchagua kati yake ni suala la ladha tu. Kazi ya kutafsiri imenifunza kinyume chake. Imenifunza kwamba neno la kila siku, lile ambalo hakuna anayejisumbua kulitafuta kamusini, ndilo linalomponza mfasiri, kwa sababu analipita mbio akidhani analijua. Maneno haya mawili yamepitia njia tofauti mpaka kufika tulipo, na kila moja bado limebeba vumbi la njia yake. Kwa maoni yangu "shut" ni kitenzi cha mwendo na "close" ni kitenzi cha mpaka. Tofauti hiyo haikuzuka juzi. Imetoka katika historia, na anayeijua historia hiyo hutafsiri vizuri kuliko anayekariri orodha ya maana.

Nianze na "shut", ambalo ndilo mwenyeji. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormandi kuvuka bahari na kuitwaa Uingereza mwaka 1066, lilikuwa "scyttan", na maana yake haikuwa kuurudisha mlango mahali pake. Ilikuwa kutia komeo. Mtu afikirie ubao mzito, na nyuma yake kipande cha mti au chuma kilicholala ubavuni. Usiku unapoingia, mwenye nyumba anakisukuma kwa nguvu mpaka ncha yake inavuka ufa na kuzama katika tundu la upande wa pili. Tendo hilo la kukivusha kipande cha mti ndilo lililokuwa na jina. Mlango uliorudishwa tu, bila komeo, ulikuwa bado. Wataalamu wa asili za maneno huliweka neno hili katika ukoo mmoja na "shoot", kupiga mshale au risasi, kwa kuwa shina lao la pamoja lilikuwa na maana ya kurusha kitu kwa kasi. Hata leo Mwingereza akizungumza kwa ufasaha juu ya kutia komeo hutumia kitenzi kile kile cha mpiga bunduki. Ndugu mwingine ni "shuttle". Zamani "scytel" ulikuwa mshale. Baadaye jina lake likahamia kwa kile kipande cha mti chenye uzi ambacho mfumaji hukirusha kati ya nyuzi za mtande, kikaenda kulia, kikarudi kushoto. Mwaka 1733 John Kay wa Lancashire alipata hataza ya namna ya kukirusha chombo hicho kwa kuvuta kamba, na viwanda vya nguo vikabadilika. Kutokana na kwenda huko na kurudi, jina likapewa vyombo vya anga vya Marekani vilivyoruka kuanzia mwaka 1981 hadi 2011, na pia mabasi madogo yanayopita Namanga kati ya Nairobi na Arusha. Abiria anayekata tiketi ya "shuttle" hana sababu ya kujua kwamba jina la gari lake na neno la kufunga mlango ni watoto wa baba mmoja, lakini ndivyo ilivyo.

Na neno lenyewe halikutulia. Irabu yake ilibadilika kutoka jimbo hadi jimbo. Huko Kent walisema kwa sauti ya e, na Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400 na aliyeandika kwa Kiingereza cha London, alitumia e hiyo. Herufi u tunayoiona leo imetoka katika lahaja za magharibi ya kati. Maana nayo ilitanuka: kwanza komeo, kisha mlango wenyewe, kisha chochote kinachokunjika au kinachokutana, kama vile kitabu, kisu cha kukunja, macho na mdomo.

Historia ya "close" ni nyingine kabisa. Lilitoka katika Kilatini "claudere", likapita kwenye Kifaransa cha kale, na lilipata makao katika Kiingereza karne ya 13, wakati watawala, mahakimu na wakuu wa monasteri walikuwa wakizungumza Kifaransa na kuandika Kilatini. Msomaji mwenye jicho kali ataniambia kwamba "claudere" nalo lina kifaa ndani yake, kwa sababu huhusishwa na "clavis", ufunguo, na "clavus", msumari, na mbali zaidi ya hapo kigingi au ndoano ya mti. Ni kweli, na silifichi jambo hilo. Ila kabla ya kufika Uingereza neno hili lilikuwa limeishi karne nyingi katika sheria, katika dini na katika ardhi, na kigingi chake kilikuwa kimekwisha kusahaulika. Lilikuwa limezaa "claustrum", boma la watawa wasiotoka nje. Lilikuwa limezaa vitenzi vya kuingiza ndani ya idadi, kuacha nje ya idadi na kuhitimisha hoja, vile ambavyo Waingereza wanaviita leo "include", "exclude" na "conclude". Walipolipokea, walilipokea likiwa tayari ni neno la kuweka mwisho na kuchora mpaka. Ndiyo maana lina nomino yake, "close", yenye maana ya eneo lililozungushiwa. Mjini Salisbury, kusini mwa Uingereza, kanisa kuu limezungukwa na eneo la namna hiyo. Mfalme Edward wa Tatu aliruhusu lijengewe ukuta mwaka 1327, na malango yake hufungwa kila usiku hadi leo. Huko Edinburgh vichochoro vyembamba vinavyoteremka kutoka barabara kuu huitwa kwa jina hilo hilo. Na kutokana na ukoo huo likapatikana neno lililowaliza maskini wa Uingereza kwa muda mrefu, "enclosure", yaani kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ya malisho ya wote. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi, zikagusa karibu ekari milioni 6.8. Mshairi John Clare, mtoto wa kibarua wa Helpston, aliona uwanda wa kijiji chake ukikatwa vipande baada ya sheria ya mwaka 1809, na uchungu huo ulimkaa katika mashairi yake. Hakuna komeo lililosukumwa pale. Kilichofanyika kilikuwa ni kuchora mstari na kuupa nguvu ya sheria. Hata maana ya "close" kuwa karibu imetoka humo humo, kwani mpaka ukikazwa vilivyo ndani husogeleana.

Sasa tuangalie matumizi ya leo, kwa sababu historia bila ushahidi wa midomo ya watu ni hadithi tu. Wakimbiaji wawili wakiwa wameachana mita mia, wa nyuma anaweza ku-"close" pengo hilo. Hawezi kamwe ku-"shut" pengo. Jeraha linalopona polepole hu-"close". Mwenyekiti hu-"close" mkutano, mteja hu-"close" akaunti ya benki, na kibao kinachoning'inizwa mlangoni mwa duka kwa kawaida huandikwa "closed". Katika mifano yote hii kuna kufikia mwisho au kukaza mpaka, mara nyingi kidogo kidogo. "Shut" ni la mara moja. Dirisha linalopigwa na upepo, mtego wa panya, mdomo wa mamba: hapo ndipo nyumbani kwake. Ushahidi ninaouthamini zaidi ni pale maneno haya yanapofuatwa na kihusishi kimoja. "Shut in" ni kufungiwa ndani usitoke. "Close in" ni adui, giza au mawingu kukusogelea. "Shut out" ni kumwacha mtu nje huku anabisha hodi. "Close out" ni kumaliza hesabu au kuuza mabaki ya bidhaa. Kama maneno haya yangekuwa sawa, kihusishi kimoja kingetoa maana moja. Ninakubali kwamba ziko sehemu ambapo tofauti imefifia. Kiwanda kinaweza ku-"close down" au ku-"shut down" na msomaji asione kilichobadilika. Macho nayo huenda na yote mawili. Mipaka ya maneno haichorwi kwa rula, ila kuwepo kwa eneo la kupakana hakufuti nchi mbili zenyewe.

Pingamizi kubwa linatoka kwa wanaisimu, na ni pingamizi la haki. Wanasema asili ya neno si maana ya neno. Neno "nice" limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mtu asiyejua, likawa na maana ya mpumbavu katika Kiingereza cha zamani, na leo ni sifa njema. Anayemwita mwenzake "nice" hamtukani. Vivyo hivyo, wanasema, Mwingereza anayefunga mlango wa friji hana komeo lolote akilini. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo sababu sikuitegemea asili pekee, nikapita pia kwenye jozi za matumizi. Asili ya neno haitoi amri juu ya matumizi ya leo. Kinachoyaamua ni mazoea, na mazoea yana mwanzo. "Nice" lilipotea njia kwa sababu ni sifa, na sifa hubebwa na hisia za wasemaji, leo kusifu, kesho kubeza. Kitenzi kinachotaja kazi ya mikono kina kitu cha kukishikilia. Milango iliendelea kuwepo, makomeo yaliendelea kuwepo, na kila kizazi kilijifunza neno kikiwa kimesimama mbele ya kitu chenyewe. Ninachodai ni kwamba jozi za leo zinaeleweka kwa urahisi ukijua njia zilizopitwa, na bila hizo zinabaki kuwa mafumbo ya kukariri.

Wengine hupunguza suala zima kuwa la tabaka: Kisaksoni, yaani kile Kiingereza cha kale, ni cha mkulima, Kifaransa ni cha bwana. Walter Scott aliliweka wazo hili vichwani mwa wasomaji katika riwaya yake ya "Ivanhoe" ya mwaka 1819, alipoonyesha kwamba mnyama akiwa zizini ana jina la Kisaksoni na akifika mezani anapata la Kifaransa. Kuna ukweli ndani yake. "Shut" lina ukali kidogo, na mtu anayetaka kuonekana mwenye adabu hulikwepa. Lakini "close" limekuwa midomoni mwa watu wote kwa zaidi ya miaka 700, watoto wa chekechea wakiwemo, kwa hiyo utabaka peke yake hauwezi kueleza kwa nini pengo la wakimbiaji linakataa "shut". Adabu inaeleza sauti ya neno tu. Kwa mengine tunahitaji sababu nyingine.

Ukali huo wa "shut" unaonekana wazi kuliko popote katika London ya mwaka 1665. Tauni ilipoingia jijini, nyumba iliyopatikana na mgonjwa ilifungwa na wote waliokuwemo, mgonjwa na mzima, mtumishi na mtoto. Mlango ulitiwa kufuli kwa nje. Juu yake ulichorwa msalaba mwekundu wenye urefu wa futi moja, na karibu yake yakaandikwa maneno ya kumwomba Mungu rehema. Mlinzi mmoja alisimama mchana, mwingine usiku, kuzuia kutoka na kupokea chakula cha waliomo. Samuel Pepys, aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya jeshi la majini, aliandika katika shajara yake mwezi wa Juni kwamba ameona nyumba za Drury Lane zikiwa na alama hiyo. Daniel Defoe, katika kitabu chake cha mwaka 1722 juu ya tauni ile, alilirudia tena na tena swali la kama ilikuwa halali kuwafungia wazima pamoja na wagonjwa. Hati za vifo za jiji zilihesabu zaidi ya watu 68,000 waliouawa na tauni mwaka ule. Jina la kitendo cha kuzifunga nyumba zile lilikuwa "shut up". Miaka mingi baadaye, katika karne ya 19, maneno hayo mawili yakawa amri ya kumnyamazisha mtu, na ukali wake unatoka huko huko: ni kumtia mwenzako komeo kwa nje bila kumuuliza. Mfasiri anayeandika "nyamaza" amemfanya msemaji kuwa mpole kuliko alivyo. Kiswahili kina "funga domo lako" na "funga bakuli", na hapo ukali unabaki kamili.

Hapo tunaingia katika lugha yetu, na hapa ndipo kamusi ndogo zinapotukosea zaidi, kwa sababu zinatufanya tuonekane maskini wa maneno wakati sisi ni matajiri kuliko Waingereza. Anayesukuma mlango ukakaa mahali pake bila kuutia chochote ameurudisha au ameushindika. Anayetia komeo amekomea, na hilo ndilo "scyttan" la Kiingereza cha kale bila kupungua wala kuzidi. Macho na midomo hufumbwa, na kutokana na kufumba tukapata fumbo. Matundu na masikio huzibwa. Sufuria hufunikwa. Taa na mashine huzimwa. Mwingereza anaweza kutumia "shut" kwa macho, kitabu, mlango na mashine, akitegemea vihusishi kumsaidia. Sisi tumevigawa vitendo hivyo kwa kuangalia kinachofungwa na namna kinavyofungwa. Na "funga" lenyewe, ukilifuata katika kazi zake zote, ni neno la kamba. Tunafunga mzigo, tunafunga mbuzi kwenye kigingi, tunafunga kidonda kwa kitambaa, tunafunga kilemba na mkanda. Kifungo ni cha shati na ni cha gerezani, na vyote viwili ni kushikwa usiachie. Katika milango ya nakshi ya Lamu na Unguja, mbao mbili hukutana kwenye mfaa, mnyororo ukavutwa hadi kwenye tumbuu, na kufuli, neno tulilolipata kwa Waarabu, likatiwa hapo. Sidai kwamba "funga" limezaliwa kwenye milango hiyo. Neno ni la Kibantu na ni la kale kuliko milango. Nasema tu kwamba lilipofika pale lilikuta kazi ya kulifaa.

Utajiri mwingine uko katika minyambuliko. Tuna kauli ya kutendua: funga na fungua, fumba na fumbua, ziba na zibua. Kwa hiyo ufunguo wetu umepewa jina kwa kazi ya kufungua, wakati "clavis" ya Kilatini inaning'inia kwenye shina moja na kufunga. "Shut" halina kinyume cha shina lake kinachotumika. Mwingereza analazimika kuchukua neno lingine. Na tuna kauli ya kutendea. Katika tafsiri ya Biblia ya King James ya mwaka 1611, Mwanzo 7:16, Mungu anaufunga mlango wa safina kwa "shut" likifuatwa na "in". Kihusishi hicho kinafanya kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kutoka "kumfunga" hadi "kumfungia". Mabadiliko ni ya irabu moja tu, na maana inatoka kwenye pingu hadi kwenye hifadhi.

Atakayesema kwamba haya ni anasa ya wasomi na aangalie magazeti. Serikali ya Marekani ilipokosa bajeti kuanzia tarehe 22 Desemba 2018 hadi tarehe 25 Januari 2019, siku 35, kusema kwamba "serikali imefungwa" kulimpa msomaji wa Kiswahili picha ya serikali iliyokamatwa au kushindwa mechi. "Shughuli za serikali zimesimama" kungemweleza kilichotokea. Kwa upande mwingine, intaneti ilipokatwa Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, "kuzimwa kwa intaneti" kulikuwa chaguo zuri kabisa. Kuzima ni kwa mara moja, kama "shut", na hubeba ndani yake mkono wa aliyezima. Aliyesema "kuzimwa" hakuangalia orodha ya maana. Aliangalia kitendo, kisha akatafuta neno la Kiswahili linalokifanya kitendo hicho. Hiyo ndiyo njia ninayoitetea, na haimgharimu mwalimu muda wowote wa ziada, kwa sababu komea, shindika, fumba na zima ni maneno ambayo watoto wengi huja nayo kutoka nyumbani.

Tunaweza kujua kwamba "shut" lilikuwa komeo kwa sababu Waingereza walijipa taabu ya kuandika historia ya maneno yao. Kamusi kubwa ya Oxford ilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, ikitegemea vikaratasi vya mifano vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea, kila mfano na chanzo chake, kila maana na miaka yake. Sisi tuna barua za Kilwa za mwaka 1711, tuna nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, tuna kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 na ile ya Sacleux ya mwaka 1939 iliyoeleza Kiswahili kwa Kifaransa. Malighafi ipo. Hata hivyo kamusi tunazozifungua kila siku hazimwambii msomaji neno lilianza kuandikwa lini wala lilikuwa na maana gani wakati huo. Taasisi zetu za Kiswahili, Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, zinapaswa kuifanya kazi hii, na zinaweza kuanza na vitu vya nyumbani: mlango, mfaa, tumbuu, kia, komeo. Mafundi seremala wa Lamu na Unguja wanaoyatumia maneno hayo kazini bado wako hai. Waulizwe, na majibu yao yaandikwe, na mwaka uwekwe pembeni.